Maswali ya Jikoni: Mpako Upi Unazifaa Mbavu za Kubanika kwa Moshi?

Tangu tulipoeleza katika safu hii namna ya kuwasha na kutunza jiko la moshi la nyumbani, barua nyingi zimeuliza jambo moja kwa sura mbalimbali: mbavu zipakwe nini kabla ya kuingia jikoni? Nimechagua barua nne, na ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu hoja yake ndiyo inayozishika nyingine zote. Ili tuelewane, ninaposema "mpako" nina maana ya mchanganyiko wa viungo vikavu vinavyopakwa juu ya nyama mbichi, na ninaposema "kubanika" nina maana ya kuivisha nyama polepole kwa moshi na joto la pembeni, si kuichoma juu ya makaa.

SWALI: Shikamoo mama. Ninaishi Louisville, Kentucky, na mwaka huu nimenunua jiko la moshi. Nimejaribu mipako mitatu ya mbavu za nguruwe, kila mmoja kwa wikendi yake: wa Memphis, wa Kansas City na wa Texas. Wa kwanza ulitoka na chumvi isiyolika, ingawa nilifuata vijiko vilivyoandikwa. Wa pili ulitoka mweusi na mchungu. Wa tatu ulikuwa mzuri kwangu, lakini wageni walisema nyama haina viungo. Nishike upi? — Msomaji wa Louisville

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimeifurahia barua yako kwa kuwa hukuficha kilichoharibika, na kila kilichoharibika kina sababu yake inayojulikana.

Nianze na namna ulivyolinganisha. Wikendi tatu ni nyama tatu na mioto mitatu, kwa hiyo huwezi kujua kama tofauti uliyoionja ilitoka kwenye mpako au kwenye moto. Nami nililinganisha hivyo kwa muda mrefu, hadi siku nilipoamua kubanika mipako minne kwa moto mmoja. Nilinunua mapande mawili ya mbavu yaliyokatwa kwa mtindo wa St. Louis, yaani yale yaliyoondolewa gegedu na vipapatio vya chini yakabaki na umbo la mstatili, nikayagawa katikati nikapata vipande vinne vya gramu 600 hivi kila kimoja. Niliuvua ule utando mweupe wa upande wa mifupa, kwa sababu viungo haviupenyi na mlaji huutafuna kama karatasi. Kisha nikapima chumvi gramu 5 kwa kila kipande na kuinyunyiza peke yake, na baadaye ndipo nikapaka mipako ambayo yenyewe haikuwa na chumvi hata chembe.

Kipande cha Texas kilipata pilipili manga ya chembe kubwa, basi. Cha Memphis kilipata paprika, yaani unga mwekundu wa pilipili zisizo kali, kwa wingi, kitunguu saumu na kitunguu maji vya unga, haradali ya unga, oregano, mbegu za selari na sukari kidogo. Cha Kansas City kilipata mpako ambao nusu yake nzima ni sukari ya kahawia, na nusu ya pili ni paprika, pilipili manga, kitunguu saumu na pilipili kali kidogo. Cha nne kilikuwa changu mwenyewe, cha mtu wa pwani: bizari nyembamba, giligilani, tangawizi ya unga, pilipili manga, sukari guru, na karafuu nusu kijiko kidogo. Jiko lilikaa kwenye nyuzijoto 110 za Selsiasi, ambazo kwenye saa ya jiko lako zitasomeka 230 za Farenhaiti, nikatumia kuni za mti wa hikori, na kila saa nilibadilisha nafasi za vipande ili asionewe yeyote na ule upande ulio karibu na moto. Baada ya saa tano na ushee vilikuwa tayari.

Kipande cha Texas kilikuwa cheusi kama masizi ya sufuria ya kuni, na ukoko wake ulikuwa mzito, wenye chembe zinazokwaruza kidole. Lakini ulimini pilipili haikuunguza kama nilivyoogopa, kwa sababu saa tano za joto huuondoa ule ukali wa juu juu na kubakiza joto tulivu linalokuja nyuma ya nyama. Cha Memphis kilikuwa na rangi ya tofali, ukoko mwembamba uliokauka vizuri, na harufu ya kitunguu saumu iliyokutangulia kabla hujakifikisha mdomoni. Cha Kansas City kiling'aa kama mti wa mninga uliopigwa msasa. Watoto walikimbilia hicho, na kwa ubavu wa kwanza niliwaelewa. Kufikia ubavu wa tatu utamu ulikuwa umeifunika nyama nisijue tena kama ninakula nguruwe au kashata. Na jambo la kuliangalia sana ni hili: karibu wote mezani walisema kipande hicho kilipungukiwa na chumvi, wakati chumvi yake ilikuwa gramu 5 zilezile. Sukari huificha chumvi, ndiyo maana anayefuata resipi yenye sukari nyingi hujikuta akiongeza chumvi, na anayeipunguza sukari bila kugusa chumvi hujikuta na nyama isiyolika.

Kipande changu cha pwani kiliharibiwa na karafuu. Uungwana wa karafuu kwenye pilau unatokana na eujenoli, dutu ya harufu iliyomo kwenye mafuta yake, na moshi wa kuni nao umejaa dutu za ukoo huohuo zinazotoka kwenye ligini, yaani kile kinachoufanya mti kuwa mgumu, inapoungua. Ukiziweka pamoja kwa saa tano, harufu hazigawani kazi bali zinarundikana, na nyama inanuka kama dawa ya meno yanayouma. Bizari nyembamba na giligilani, kwa upande wake, vilishika vizuri mno, na tangu siku hiyo ninavitumia bila karafuu wala mdalasini mwingi. Nimelieleza hili kwa sababu najua wengi wetu mkono huenda kwenye karafuu kabla ya akili.

Sasa nirudi kwenye makosa yako, moja baada ya jingine.

Chumvi isiyolika ilitokana na kijiko. Resipi nyingi za Marekani huandikwa kwa chumvi ya kosher, ambayo ina chembe kubwa zenye nafasi katikati. Kijiko kidogo cha chumvi ya kawaida ya mezani kina gramu 6 hivi. Kijiko hichohicho cha chumvi ya kosher kinaweza kuwa na gramu 5 au gramu 3 tu, kutegemea imetengenezwaje. Kwa hiyo aliyeandika vijiko vinne akiwa na chumvi nyepesi alikusudia gramu 12, nawe ukiwa na chumvi ya mezani umetia gramu 24, ukiwa mtiifu kabisa kwa maandishi. Nunua mizani ndogo ya jikoni. Kwa pande la mbavu lenye uzito wa kilo 1.2 pamoja na mifupa, gramu 10 za chumvi zinatosha. Mifupa ni sehemu kubwa ya uzito huo na haihitaji kutiwa chumvi, ndiyo sababu kipimo cha mbavu ni kidogo kuliko cha nyama tupu.

Nimeshakuonyesha kwamba naitenga chumvi na mpako, na hili si uzoefu wa mkono tu. Chumvi huyeyuka katika unyevu wa nyama na kuingia ndani polepole, wakati paprika, pilipili, kitunguu saumu na sukari hubaki juu au kupenya kidogo mno. Ndiyo kusema kwamba chumvi ni ya nyama yote, na mpako ni wa ukoko. Ukivichanganya katika chupa moja, siku unayotaka ukoko mnene zaidi unalazimika kuongeza chumvi usiyoihitaji, na siku unayotaka chumvi ipungue unapoteza viungo. Mipako mingi inayouzwa madukani ina chumvi ndani yake, na mara nyingi chumvi ndiyo inayotajwa mwanzoni kabisa kwenye orodha ya viambato, kwa sababu ni rahisi kuliko viungo. Kama unautumia wa namna hiyo, usiinyunyizie nyama chumvi nyingine.

Weusi na uchungu wa mpako wa Kansas City ulitoka kwenye moto. Sukari ya kawaida huanza kugeuka karameli ikikaribia nyuzijoto 160 za Selsiasi, na ikizidi hapo kwa muda huwa chungu. Katika jiko lililotulia kwenye 110 mpaka 120 haifiki huko, bali inaiva taratibu na kuwa na rangi ya asali nzito. Nadhani jiko lako lilipanda bila wewe kujua, kwa sababu saa iliyobandikwa kwenye kifuniko hupima hewa ya juu, na nyama yako imelala chini, pengine karibu na kisanduku cha moto ambako joto ni kubwa zaidi. Weka kipimajoto kwenye wavu, jirani na nyama, ndipo uisadiki namba.

Hapa ndipo majina ya miji yanapopata maana. Watu hutaja Memphis, Kansas City na Texas kana kwamba ni chupa tatu za viungo, lakini kila mpako ulikua pamoja na moto wake. Mgahawa wa Charlie Vergos' Rendezvous katikati ya mji wa Memphis, ulioanzishwa mwaka 1948 na mtoto wa wahamiaji wa Kigiriki, ndio uliozipa umaarufu mbavu zisizomwagiwa mchuzi. Lakini pale mbavu huwekwa juu ya makaa kwa muda usiofika saa mbili, hulowanishwa kwa maji yenye siki, na viungo hunyunyizwa mwishoni. Mpako wenye paprika nyingi hivyo usingestahimili makaa tangu mwanzo, kwa kuwa paprika nayo huungua ikawa chungu. Lockhart, mji mdogo wa Texas ambao Baraza la Wawakilishi la jimbo hilo liliutangaza mwaka 1999 kuwa makao makuu ya nyama ya namna hii, ulirithi desturi za mabucha ya wahamiaji wa Kijerumani waliobanika nyama iliyobaki bila kuuzwa. Kreuz Market, bucha la mji huo lililofunguliwa mwaka 1900, lilijulikana kwa chumvi, pilipili manga na pilipili kali tu, bila mchuzi. Mchinjaji mwenye nyama nzuri na moto wa mwaloni hakuwa na haja ya zaidi. Kansas City yenyewe, ambayo leo tunaifikiria kuwa mji wa sukari, ilianzishiwa biashara hii mwanzoni mwa karne ya 20 na Henry Perry, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa karibu na Memphis, na mchuzi wake ulisifika kwa ukali wa pilipili. Utamu ulikuja baadaye.

Kwa hiyo usiniulize mpako upi ni bora bila kuniambia moto wako ukoje na kama utapaka mchuzi. Jiko lako likiwa bado linakushinda, likipanda na kushuka, chukua wa Texas, kwa sababu hauna kitu cha kuungua. Ukikusudia kupaka mchuzi mtamu mwishoni, usitumie mpako wa sukari. Utamu juu ya utamu ndio unaowafanya watu wasukume sahani. Ukiwa na moto uliotulia, na mbavu zikiwa za nguruwe, mimi nachagua wa Memphis wenye sukari kidogo, na kwa kweli siyumbi katika hilo: paprika inaleta rangi, kitunguu saumu na haradali vinakata mafuta, na ule utamu mdogo unasaidia ukoko kushika bila kuifunika nyama.

Vipimo vyangu kwa mapande mawili ya mbavu, baada ya kupima chumvi pembeni, ni hivi: paprika vijiko vikubwa 2, sukari ya kahawia kijiko kikubwa 1, pilipili manga ya chembe kubwa kijiko kikubwa 1, kitunguu saumu cha unga vijiko vidogo 2, na kijiko kidogo kimoja kimoja cha kitunguu maji cha unga, haradali ya unga na oregano, pilipili kali robo kijiko kidogo, au iache. Usiuhukumu kwa kulamba kidole. Mpako mkavu ulimini ni mkali na mzito kuliko utakavyokuwa kwenye nyama, na wengi huuharibu hapo kwa kuongeza sukari. Chukua kipande kidogo cha nyama kilichokatwa pembeni, kitie chumvi na mpako, kikaange, ndipo useme.

Kuhusu wageni waliosema mbavu za Texas hazina viungo, naomba uangalie pilipili manga uliyotumia. Ile iliyosagwa laini siku nyingi zilizopita ina vumbi la pilipili bila harufu yake. Saga mwenyewe, kwa chembe zinazoonekana kwa jicho. Na kama bado wanataka zaidi, fanya kama wafanyavyo Memphis: mbavu zikishatoka, zinyunyizie mpako kidogo usio na chumvi zikiwa bado za moto. Harufu ya viungo ambavyo havijapitia saa tano za moshi ni mbichi na inasikika mara moja. Chukua vipande viwili, kimoja kifanyie hivyo, cha pili kiache, uwawekee mezani pamoja.

SWALI: Habari za kazi, dada. Mimi ni mwanaume wa makamo hapa Arusha, nina pipa nililolikata nikaweka wavu. Mdogo wangu aliye Marekani alinitumia resipi ya mpako, akanitafsiria kwa Kiswahili. Ilisema pilipili ya unga vijiko vikubwa vitatu. Nilitia, na hakuna aliyeweza kumaliza ubavu mmoja. Wamarekani wanakulaje vile? Pia naomba ushauri wa kuni. — Msomaji wa Arusha

JIBU: Kaka yangu, pole sana, na umwambie mdogo wako kwamba ametafsiri maneno sahihi kwa kitu kisicho sahihi. Kile ambacho resipi za Marekani hukiita pilipili ya unga ni mchanganyiko: pilipili kubwa zilizokaushwa zisizo kali sana, bizari nyembamba, oregano na kitunguu saumu, wakati mwingine pamoja na chumvi. Pilipili ya unga ya sokoni kwako ni pilipili tupu, mara nyingi pilipili kichaa. Vijiko vitatu vya ile ni rangi na harufu, vijiko vitatu vya hii ni adhabu.

Badala yake changanya paprika vijiko vikubwa 2, bizari nyembamba iliyokaangwa kidogo na kusagwa vijiko vidogo 2, kitunguu saumu cha unga kijiko kidogo 1, oregano kijiko kidogo 1 ukiipata, na pilipili yako ya unga robo kijiko kidogo tu. Ndipo utoe kipimo humo. Paprika ya kawaida inatosha. Ipo pia ya Uhispania, ya eneo la La Vera, ambayo pilipili zake hukaushwa kwa moshi wa mwaloni kabla ya kusagwa. Ni nzuri sana kwa anayepikia kwenye tanuri la umeme, lakini wewe mwenye pipa unao moshi wa kweli, huna sababu ya kuulipia mara ya pili.

Sukari ya kahawia inayotajwa kwenye resipi hizo ni laini na yenye unyevu, kwa sababu imerudishiwa molasi baada ya kusafishwa, na si sukari yetu ya kawaida yenye chembe kavu. Sukari guru inashika nafasi yake vizuri kuliko kitu chochote ninachokijua. Ikwaruze kwa kikwaruzo cha karoti, itandaze kwenye sinia ikauke juani kwa saa kadhaa, kisha itwange. Ukiichanganya ikiwa na unyevu, mpako utafanya madonge na kuganda kwenye nyama kwa mabaka.

Kuni, kaka, uko mahali pazuri. Matawi ya mibuni yanayokatwa wakati wa kupogoa ni kuni bora za kubanikia, na mpera au mchungwa hukaribia ubora huo. Ziwe zimekauka vya kutosha, zisizo na ukungu. Usitumie msonobari wala miti mingine yenye utomvu wa lami, kwa kuwa masizi yake hushika kwenye mpako na kuupa uchungu utakaodhani umetoka kwenye viungo. Mbao zilizopakwa rangi au kutiwa dawa ya wadudu zisikaribie chakula kabisa. Na kama pipa lilikuwa la mafuta au kemikali, kabla ya swali la viungo lipo swali la pipa: tafuta lililobeba chakula, na ulichome kwa moto mkali mpaka rangi ya ndani iishe yote.

SWALI: Assalamu alaikum. Kwetu Mombasa hatuli nguruwe. Ningependa kubanika mbavu za ng'ombe na za mbuzi. Nyumbani tumezoea kupaka papai bichi, tangawizi mbichi na kitunguu saumu kilichopondwa, na kulaza usiku. Je, niendelee hivyo kwenye jiko la moshi, au nitumie mpako mkavu? — Mama wa nyumba, Mombasa

JIBU: Waalaikum salaam, dada yangu. Papai liweke pembeni kabisa, na nitakueleza kwa nini, maana si kwamba mazoea yenu ni mabaya. Kimeng'enya cha papai bichi hukata nyuzi za nyama, na hufanya kazi kwa nguvu zaidi nyama ikiwa kwenye nyuzijoto 60 hadi 70 hivi. Kwenye makaa ya mishikaki nyama hupita hapo kwa dakika chache, kimeng'enya kinakufa, nawe unapata ulaini unaoutaka. Kwenye jiko la moshi, pande zito la mbavu za ng'ombe linaweza kukaa katika joto hilo kwa saa kadhaa, kwa sababu unyevu unaotoka juu ya nyama huipoza na kuizuia isipande. Muda wote huo papai linaendelea kula. Utatoa nyama yenye uso kama uji, isiyoshika ukoko, na ndani bado haijaiva. Tangawizi mbichi nayo ina kimeng'enya cha namna hiyo, ingawa si kikali kama cha papai. Katika kubanika, kinacholainisha ni muda: ule mshipa mgumu unaoshikanisha nyama na mfupa huyeyuka polepole ukawa ute, na huhitaji kuusaidia.

Kwa hiyo tumia tangawizi ya unga na kitunguu saumu cha unga. Kitunguu saumu kilichopondwa kina maji, na maji hayo yanachelewesha ukoko. Juu ya makaa ndiyo huungua kabisa.

Na usione kwamba unabanika kitu cha pembeni kwa kuwa si nguruwe. Huko Texas, pande la mbavu kubwa za ng'ombe lililopakwa chumvi na pilipili manga tu ni fahari ya wabanikaji, na magharibi ya Kentucky, katika mji wa Owensboro, nyama inayojulikana zaidi kwa kubanikwa ni ya kondoo mkubwa, inayolowanishwa kwa maji meusi yenye siki. Mbavu zako za ng'ombe zipake hivyohivyo: chumvi iliyopimwa, na pilipili manga ya chembe kubwa kwa ukarimu, labda na kitunguu saumu cha unga kidogo. Nyama hiyo ina mafuta na ladha nzito, haitafuti msaada wa sukari. Tenga saa 7 mpaka 9, na uitoe kipimajoto kikisoma 95 katikati ya nyama na kikiingia kama kwenye siagi.

Mbavu za mbuzi ni jambo jingine, na hapa ninakusihi uuache mpako wa Texas. Ni nyembamba, mafuta yake ni machache, na harufu yake ina nguvu. Pilipili manga nyingi huzifanya kavu ulimini. Bizari nyembamba, giligilani na tangawizi ya unga, vikiwa sawa kwa sawa, pamoja na nusu ya kipimo hicho cha pilipili manga, ndivyo vinavyoikubali nyama hii. Zipake mafuta kidogo kabla ya viungo, zibanike saa mbili au tatu, na katikati ya safari zifunge kwa karatasi ya foili zikiwa na vijiko viwili vya maji ya ukwaju ili zisikauke. Ukwaju unafanya kazi ambayo siki inaifanya Owensboro, na unaifanya vizuri.

SWALI: Ndugu mwandishi, nina maswali mafupi matatu. Mpako upakwe usiku au asubuhi? Ni lazima kupaka haradali ya majimaji kwanza, kama wafanyavyo jirani zangu? Na mpako uliobaki unakaa muda gani? — Msomaji wa Minneapolis

JIBU: Chumvi usiku, mpako asubuhi. Chumvi inahitaji saa kadhaa ili iingie, nawe unaweza kuitia jioni na kuiacha nyama kwenye friji bila kuifunika, jambo ambalo hukausha uso wake na kuusaidia ukoko. Mpako hauhitaji muda huo. Nusu saa inatosha, mpaka uone umeloa na kubadilika rangi. Ukiwa na sukari na ukalazwa usiku kucha, utayeyuka wote na kuchuruzika chini ya sinia.

Haradali si lazima. Kazi yake ni kuwa gundi, na ladha yake haionekani baada ya saa tano. Mafuta kidogo, au hata maji, hufanya kazi hiyohiyo. Kama jirani zako wanaipenda, hawaharibu kitu.

Mpako usio na sukari ukae kwenye chupa kavu, gizani, mbali na jiko, kwa miezi mitatu hivi kabla harufu haijaanza kufifia. Wenye sukari huganda mapema zaidi, hasa nyakati za unyevu. Lakini angalia sana mkono wako. Mimina kwenye bakuli kiasi unachokihitaji kabla hujagusa nyama mbichi, upake kwa mkono mmoja na kunyunyiza kwa mwingine, na kinachosalia kwenye bakuli hilo kitupe, hata kikiwa kingi, hata kama paprika yake ilikuwa ya bei. Kisirudi kwenye chupa.